Matuta ya Mama Domitille

Kila asubuhi, kabla ndoo ya kwanza haijawekwa chini ya bomba, Mama Domitille alikunywa kikombe kimoja cha maji mbele ya foleni nzima. Kikombe kilikuwa cha bati, rangi yake ya samawati imebanduka ukingoni, na alikijaza mpaka juu. Hakuwahi kunywa nusu. Akimaliza alipangusa mdomo kwa kona ya kitenge, akasema foleni ianze, na ole wake yule aliyesogeza ndoo yake mbele wakati yeye anakunywa. Huyo alirudishwa nyuma kabisa, awe mke wa pasta au mke wa nani.

Desturi hiyo ilianzishwa na marehemu mume wake, Tata Numbi. Miaka ile alipojenga kisanduku cha saruji kwenye chemchemi ya Kapepa na kutoa bomba lake, watu walisita. Walisema maji yaliyofungwa ndani ya saruji yatakuwa yameoza. Basi Numbi akawa anakunywa wa kwanza kila siku, watu wamwangalie, wamngoje aanguke. Hakuanguka. Alipokufa, kikombe kikabaki kwa mjane wake, na ulinzi wa chemchemi nao.

Kapepa ni kijiji kidogo pembeni mwa Kolwezi, ukifuata barabara ya kwenda Kasaji. Ukisimama juu ya kilima chake saa za mchana unasikia baruti za migodini, na vikombe vinatikisika kidogo kabatini. Nyuma ya kilima kinapita kijito chenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Hata mabata wamekikimbia, na hakuna mwenye akili zake anayechota humo. Kwa hiyo maji ya Kapepa ni chemchemi ile, hakuna mengine. Ukitaka bomba jingine, panda pikipiki ya taxi-moto mpaka Manika mjini, na umbembeleze dereva asikuhesabie ndoo kuwa abiria.

Mama Domitille hakuzaliwa hapo. Alizaliwa Kasaji, akaja Kolwezi kwa treni akiwa na miaka kumi na tisa, mke mpya wa dereva wa mashine za mgodini. Alikuja na sufuria mbili, kitabu cha nyimbo za kanisa, na jembe la mama yake. Jembe hilo ndilo aliloringia kuliko vyote. Kwao Kasaji ardhi ni tambarare, mvua ikinyesha maji yanasimama shambani siku nne na mahindi yanageuka manjano. Kwa hiyo mama yake alimfundisha kupiga matuta marefu, yaliyonyooka, yakielekea kule maji yatakakotokea, ili yasikae. Msichana wa Kasaji hujulikana kwa matuta yake. Domitille aliyapiga bila kamba na yalitoka yamenyooka kabisa, na watu waliopita njiani walisimama kuyatazama. Alijifanya hawaoni, lakini aliwaona wote.

Numbi alipofukuzwa kazi pamoja na maelfu ya wenzake, walihamia Kapepa. Chemchemi aliikuta ndani ya mushitu, ndio kile kichaka kizito cha miti iliyoshikana ambacho watu wa huku hukikuta mahali penye maji. Kwa msaada wa parokia akajenga. Akaweka sheria mbili tu. Ya kwanza, jembe lisiingie mushitu. Ya pili ilikuwa yake mwenyewe: kila mwezi wa kumi, kabla ya mvua, alisafisha mfereji alioupiga juu ya kisanduku, umejipinda kulizunguka eneo la chemchemi, ili maji yanayoteremka kilimani yapite pembeni. Mkewe alimcheka, akamwambia anaupenda mfereji kuliko watoto.

Numbi akafa. Mwaka uliofuata Mama Domitille akaukata mushitu. Tusimhukumu haraka. Mjane aliyerudishiwa binti na mjukuu mchanga hali kichaka. Miti ikawa makala ya kupikia, ardhi ikawa shamba, na shamba likatoa mahindi ambayo hajawahi kuyaona tangu atoke kwao, maana udongo wa mushitu ni mweusi na una nguvu. Alipiga matuta yake kama alivyofundishwa, kutoka juu ya mteremko mpaka chini. Na mwaka jana, mwezi wa kumi, akaona kwamba yale ya chini yangeweza kuendelea hatua kumi zaidi kama mfereji wa Numbi usingekuwa njiani. Akaufukia mchana mmoja, huku akiimba.

Wiki ya pili ya Novemba watoto wakaanza kuhara.

Wa kwanza alikuwa mmoja wa mapacha wa Mama Kabemba. Kesho yake pacha wa pili. Kufika Jumapili walikuwa tisa, na wa tisa alikuwa Huguette, mjukuu wa Mama Domitille, mwaka mmoja na nusu, mtoto mnene aliyependa kukaa juu ya mgongo wa bibi yake na kumvuta masikio. Ndani ya siku mbili macho yake yaliingia ndani na ngozi ya tumbo ikawa ukiibana inabaki imesimama. Fidélie, mama yake, akambeba mbio mpaka kituo cha afya, akawekewa maji ya mshipa. Mama Domitille alibaki nyumbani akipanga na kupangua vikombe. Aliogopa, tena aliogopa sana.

Nesi wa kituo, Tata Kalumba, alikuja na chupa zake, akachota maji kwenye bomba, akaenda nayo. Aliporudi aliwaita watu wote kwenye chemchemi. Alikuwa mtu mpole asiyependa kuhutubia, na hiyo ilifanya maneno yake yawe mazito zaidi.

“Mayi iko na mavi ndani,” alisema. “Aiko ya muntu, nazani ni ya nyama. Inatoka kule juu. Mutafute fasi inaingilia. Niko nabapatia siku kumi na ine. Nikiona ingine mutoto anaingia ku kituo juu ya mayi hii, nitafunga bomba na cheni.”

Akaagiza wachemshe maji. Walichemsha siku tatu. Siku ya nne makala yakaisha majumbani, na watu wakaanza kutafuta wa kumlaumu, kazi isiyohitaji makala.

Aliyelishika jambo hilo alikuwa Tata Banza, mkuu wa mtaa, mdogo wake marehemu Numbi. Banza alikuwa na sauti kubwa na njaa ya ardhi, na vyote viwili vilikuwa vimemfikisha mbali. Aliuliza swali moja tu: nani hapa kilimani ana mavi ya mnyama kwa wingi? Vichwa vyote viligeukia upande mmoja, kwenye mabati ya Tata Mbuyi.

Mbuyi alikuwa mfugaji wa kuku. Alikuwa amehamia Kapepa miaka sita nyuma na mkewe Mushiya, akajenga banda juu ya kilima, akalima mahindi pembeni yake. Alizaliwa Kolwezi. Baba yake pia alizaliwa Kolwezi. Ni babu ndiye aliyeletwa kutoka Kasai zamani kufanya kazi mgodini. Siku za kawaida hakuna aliyekumbuka jambo hilo. Mbuyi alisali nao, alizika nao, alizungumza Kiswahili chao. Lakini mambo yakiharibika, watu hukumbuka ghafla babu ya mtu alitoka wapi.

Walikwenda kwake Jumanne, Banza mbele, wanaume sita nyuma, na Mama Domitille katikati kwa sababu ndiye mlinzi wa maji. Mbuyi aliwapokea amesimama. Banza alisema yote yaliyokuwa yakisemwa foleni, mengine aliyaongeza mwenyewe. Kuku walikuwa wakilia ndani ya banda, na harufu ilikuwa pale pale, haikuhitaji shahidi.

“Niko na mavi ya kuku,” Mbuyi alisema. “Sikatai.”

Halafu akamtazama Mama Domitille. Alimtazama kwa muda, bila hasira, na yeye akahisi joto likimpanda shingoni. Maana mwezi wa tisa Mbuyi alimpa mifuko minne ya mavi yale yale, yamechanganyika na manyoya, bure, kwa sababu Mushiya alipojifungua vibaya ni Mama Domitille aliyekaa naye mpaka gari lilipopatikana. Alipompa alimwambia, mama, uizike chini, tena mbali na chemchemi, usimwage juu ya ardhi. Akaitikia. Lakini kuzika kunataka kuinama, na mgongo wake ulikuwa ukimuuma. Aliimwaga juu ya matuta, yote minne, akasema mvua itaizika.

Mushiya alitoka mlangoni na mtoto kifuani. “Tatu, sema,” alimwambia mumewe, akimwita baba kwa lugha ya Kasai. “Sema kile unajua.”

“Nitasema nini?” Mbuyi akajibu. “Na nani ataniitika?”

Mama Domitille akaangalia kuku. Kulikuwa na jogoo mmoja mweupe amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na alimwangalia huyo mpaka Banza alipomaliza. Banza alitoa siku nne. Jumamosi asubuhi, Mbuyi awe ameondoa kuku wote na kuliacha shamba, la sivyo watu watakuja kumsaidia kuondoa. Mama yake Mbuyi alikuwa amemsimulia mara nyingi kuhusu mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini, familia za watu wa Kasai zilipofukuzwa zikalala miezi kwenye kituo cha treni na magodoro yao, zikingoja gari la kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Alijua jinsi siku nne zinavyohesabiwa.

Njiani kurudi, Mama Domitille alijiambia mambo mengi. Mifuko minne ni nini mbele ya kuku mia mbili? Tena yake ilikuwa imekauka. Tena shamba lake ni safi, kila mtu analisifu. Alijiambia hivyo mpaka akafika nyumbani, na alipofika akaanza tena.

Alhamisi mchana mvua ikashuka. Ilikuwa ile mvua ya Novemba inayofanya watu waache hata kupiga kelele. Mama Domitille akajifunika gunia kichwani, akachukua fimbo, akapanda kilima. Alitaka kuona kwa macho yake maji yakitoka kwa Mbuyi. Niseme ukweli: alitamani sana yatoke kwa Mbuyi.

Akasimama chini ya shamba la Mbuyi, miguu ndani ya tope, akangoja. Maji hayakuja. Alingoja tena. Akapanda juu zaidi, akaona sababu. Matuta ya Mbuyi hayakuteremka. Yalilala kukata mteremko, moja nyuma ya jingine, na kati ya tuta na tuta maji yalikaa yametulia yakizama polepole. Mkiani mwa shamba kulikuwa na mstari mnene wa matete. Na kidogo kilichofanikiwa kutoka kiligeukia mgongo wa kilima, upande wa pili kabisa, kuelekea kile kijito cha rangi ya chai. Alikuwa ameyacheka matuta hayo miaka sita, akisema yanafanana na kazi ya mlevi.

Ndipo akasikia maji. Hayakuwa mbele yake. Yalikuwa chini, upande wa kwake.

Aliteremka akiteleza, akishika mashina. Alipofika shambani kwake alisimama, na gunia likamwanguka. Kila mfereji kati ya matuta yake ulikuwa umejaa, na maji yalikimbia mekundu, yamenyooka, bila kupoteza njia hata kidogo, kama alivyoyaelekeza yeye. Juu ya maji yalielea manyoya meupe ya kuku. Aliyafuata. Yaliteremka mpaka mahali pa mfereji wa Numbi, ambapo sasa palikuwa na mahindi, yakapita, yakakusanyika nyuma ya kisanduku cha saruji. Kwenye kona ya kisanduku udongo ulikuwa umelika, pamefunguka tundu la kuingiza ngumi. Manyoya yalizunguka pale mara mbili, mara tatu, kisha yakamezwa. Akazunguka mbele, akatazama bomba. Lilikuwa likitoa maji mekundu.

“Numbi,” alisema, mvua ikimpiga usoni. “Numbi, nimefanya nini?”

Kisha akafanya jambo ambalo halikumsumbua wakati ule lakini lilimsumbua baadaye. Aliinama akaanza kuokota manyoya. Aliokota moja moja kwenye tope na kuyatia ndani ya pindo la kitenge, haraka, huku akiangalia njia.

Ijumaa alfajiri alikuwa amekwisha kupanga. Angeufukua mfereji kimyakimya. Angeng'oa matuta matatu ya mwisho na kuziba lile tundu kwa udongo wa kichuguu. Jumamosi Mbuyi ataondolewa. Baada ya wiki mbili maji yatakuwa safi, na Kapepa nzima itasema, mnaona, alikuwa Mbuyi. Hakuna atakayeuliza. Huo mpango haukuwa na kasoro, na hilo ndilo lililomtisha: ungefaulu.

Alikuwa ameshafukua hatua tano Banza alipopita. Banza akasimama kumpongeza kwa bidii yake. Akasema vijana wako tayari. Halafu akateremsha sauti, jambo ambalo hakulizoea, akamwita kama shemeji.

“Mulamu, ile shamba ya Mbuyi, nikiikata mafungu, nitakupatia fungu ya juu. Weye njo unachungaka mayi. Inakufaa.”

Akaenda zake akipiga mluzi. Mama Domitille akasimama na jembe mkononi. Alilijua lile fungu la juu. Alijua udongo wake, alijua lingelisha nyumba yake miaka mingi, na kwa muda kidogo, na hili yeye mwenyewe alilikiri baadaye, aliliona limeota mahindi yake. Kisha akafikiri matuta gani angepiga huko, akajikuta amekaa chini.

Jioni Fidélie akarudi na Huguette mgongoni. Mtoto amepona, nesi alisema, lakini asiguse maji yale tena, maana mara ya pili hatarudi. Alikuwa mwepesi. Bibi yake alipompokea mikono ilimpanda juu kwa kukosa uzito iliouzoea. Huguette akamtambua, akanyoosha mkono kutafuta sikio, akalishika, hakuwa na nguvu ya kulivuta. Fidélie akauliza tu, akiwa amechoka, ni nani alimnywesha maji mabichi, maana yeye alikuwa akimchemshia ya kwake kila siku.

Mama Domitille alijua jibu. Kila asubuhi alikwenda chemchemini na mjukuu mgongoni, na akimaliza kunywa, tone la mwisho la kikombe lilikuwa la Huguette. Mtoto alilipenda. Foleni nzima ilicheka walipoliona.

Akamrudishia Fidélie mtoto. Mpango wake wa alfajiri ulikufa hapo, na alijua umekufa.

Jumamosi watu walikusanyika kwenye chemchemi kwa sababu huko ndiko kila kitu cha Kapepa huanzia. Wanaume na majembe na panga, wanawake na ndoo. Mama Kabemba alikuwepo na mapacha wake, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Banza alitaka foleni ifunguliwe haraka kisha wapande. Mama Domitille akachukua kikombe, akakijaza mpaka juu. Watu wakangoja anywe.

Hakunywa. Alikishika mbele yao, halafu akakipindua chini.

“Mayi hii, ni mi njo nimeichafula,” alisema.

Banza alicheka kidogo. Akasema mulamu amechoka, hajalala kwa sababu ya mtoto, mtu amsindikize nyumbani. Akamshika kiwiko. Mama Domitille akautoa mkono wake, akafungua pindo la kitenge, akamwaga manyoya chini, meupe na machafu, mbele ya miguu yao. Kisha akasema yote, kwa mpangilio, bila kulia. Mifuko minne. Mgongo uliouma. Mushitu. Mfereji wa Numbi alioufukia kwa ajili ya hatua kumi za mahindi. Akasema alipanda kwa Mbuyi siku ya mvua na hakuna tone lililotoka huko kuja kwao. Akasema Mbuyi alijua tangu Jumanne na hakumtaja.

Baruti ya mgodini ikalia mbali, moja, hakuna aliyegeuka.

“Unajua ile shamba ni ya kaka yangu?” Banza akauliza, na sauti yake haikuwa ya shemeji tena.

“Najua. Kaka yako alisema jembe isiingiye. Ni mi niliingiza.”

Mama Kabemba akasogea mbele. Watu walidhani atasema neno, na Mama Domitille alilingoja. Aliikinga ndoo yake bombani, akaimwaga juu ya miguu ya Mama Domitille, taratibu, mpaka ikaisha. Akawashika watoto wake akaondoka. Wengine wakamfuata. Majembe yaliyokuwa yaende kwa Mbuyi yalirudi majumbani begani, wenyewe wakiwa hawaangaliani.

Alipobaki peke yake alichukua jembe la mama yake, akaanza na tuta lililo karibu zaidi na chemchemi. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, ya kijani kizito, mazuri. Aling'oa shina kwa shina. Saa moja, saa mbili, hakuna aliyekuja kumsaidia, na hakumtegemea mtu. Alikuwa akilia sasa, maana alikuwa akiyapenda mahindi yale. Saa tano ilipofika akaona viatu vya raba mbele yake. Akainua kichwa. Alikuwa Mbuyi, na mzigo wa vipande vya matete begani.

“Using'oe yote,” alisema. “Ya chini, ndiyo, kata mpaka pale. Ya juu tuache, tutageuza matuta.”

Akatua mzigo, akaanza kuchimba mashimo ya matete, mgongo amempa. Hakusema kwamba amesamehe, wala hakuulizwa. Nyuma yake, juu ya kilima, Mama Domitille aliona kitu ambacho hakukiwaza Jumanne alipokuwa akiangalia kuku. Kando ya njia palikuwa na godoro limekunjwa na kufungwa kamba, masufuria ndani ya beseni, na mabunda mawili ya nguo. Mushiya alikuwa amekaa juu ya bunda moja, mtoto mapajani. Walikuwa wamefunga vitu tangu Jumanne usiku.

Nesi Kalumba alifunga bomba hata hivyo. Cheni ilikaa miezi mitatu, na Kapepa ikachota Manika, na kila ndoo iliyobebwa kwenye pikipiki ilikuwa na jina la Mama Domitille juu yake. Alilisikia. Banza hakumsalimia mpaka Pasaka. Mfereji wa Numbi ulifukuliwa wote, kisanduku kikazibwa kona, na eneo la hatua thelathini kuzunguka chemchemi likaachwa bila jembe. Visiki vya mushitu, ambavyo kila mtu alivihesabu kuwa vimekufa, vilitoa machipukizi. Sehemu ya juu ya shamba aliigeuza yeye na Mbuyi, tuta kwa tuta, yakilala kukata mteremko. Hayakunyooka. Siku ya kwanza aliyatazama akaona aibu, kama mtu aliyevaa nguo ya mtu mwingine. Alivuna nusu ya alichozoea.

Miezi hiyo mitatu ilipokwisha nesi akajaza chupa zake, akazipeleka, na aliporudi aliifungua ile cheni. Akasema maji ni safi. Watu walikuja asubuhi, wakapanga foleni, na foleni haikusogea. Kila mmoja alimngoja mwenziwe. Mushiya alikuwa wa tano au wa sita, na ndoo ya manjano, mara yake ya kwanza kufika pale tangu Novemba.

Mama Domitille akajaza kikombe. Akaipita foleni yote mpaka kwa Mushiya, akamkabidhi kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, jinsi mtu anavyompa mkubwa wake, ingawa Mushiya angeweza kuwa binti yake. Mushiya akakipokea. Akayatazama maji ndani kwa muda mrefu. Halafu akakirudisha.

“Anza weye, mama,” alisema. “Mi nitaangalia.”

Mama Domitille akanywa. Mushiya alimwangalia koo mpaka funda la mwisho liliposhuka, kisha akasogea mbele na kuweka ndoo yake chini ya bomba.